Kabla Hujaketi Mbele ya Mnasihi, Muulize Anatibu Vipi

Mwanamke mmoja, tuseme wa Mbagala, amepanda daladala mbili hadi mjini kwenda kuonana na mnasihi. Huu mwezi wa nne hapati usingizi wa maana, chakula hakishuki, na kazini wameanza kumuuliza kulikoni. Anakaribishwa vizuri, anaulizwa linalomsibu, anaanza kueleza. Mnasihi anasikiliza. Anaitikia, anauliza kidogo, anarudia kwa maneno yake yale aliyoyasikia, kisha anasikiliza tena. Dakika 50 zikiisha wanaagana hadi wiki ijayo. Nyumbani dada yake anamuuliza, "Haya, amekwambia ufanye nini?" Naye anajibu, "Hakuniambia kitu." Wiki ijayo haendi.

Mnasihi huyo si mzembe, na mwanamke huyo si mkaidi. Mmoja alikuwa akitumia njia iliyojengwa juu ya kusikiliza; mwingine alikuwa amefuata ushauri, kwa kuwa ndivyo kibao cha mlangoni kilivyosema: Ushauri Nasaha. Afrika Mashariki, maneno hayo mawili yaliwafikia wengi kupitia vituo vya kupima virusi vya UKIMWI, ambako mtu aliketi na mshauri kabla ya kipimo na baada ya majibu, akaelezwa hali yake na hatua za kuchukua. Kazi ile iliokoa maisha. Hata hivyo iliacha picha moja vichwani mwa watu, nayo ikaungana na picha ya zamani zaidi ya mzee wa ukoo, shehe au kungwi, ambaye unampelekea jambo lako naye anakukatia shauri.

Tiba ya kisaikolojia ni kitu kingine, na tena si ya aina moja. Kila njia ina dhana yake kuhusu chanzo cha maumivu, na kila njia humdai mgonjwa kazi tofauti. Anayelijua hilo mapema hupunguza uwezekano wa kupoteza fedha na, lililo zito zaidi, kupoteza matumaini kwamba anaweza kusaidiwa.

Njia kongwe kati ya zinazotumika leo ilianzia Vienna. Mwishoni mwa mwaka 1880 daktari Josef Breuer alianza kumtibu binti wa miaka 21 aliyepooza viungo bila sababu iliyoonekana na ambaye, kwa kipindi, alishindwa kusema Kijerumani, lugha yake mwenyewe, akawa anaongea Kiingereza tu. Kila aliposimulia jambo lililomtia uchungu, dalili fulani ilipungua. Binti mwenyewe ndiye aliyeipa shughuli hiyo majina mawili: tiba ya maongezi, na kufagia dohani. Breuer na rafiki yake Sigmund Freud walikichapisha kisa hicho mwaka 1895 wakimwita Anna O. Jina lake halisi lilikuwa Bertha Pappenheim. Tiba ya Breuer haikuumaliza ugonjwa wake, kwani alilazwa tena na tena baada ya hapo. Lakini baadaye alisimama imara, na mwaka 1904 akaanzisha umoja wa wanawake wa Kiyahudi nchini Ujerumani.

Freud aliamini kwamba maumivu yaliyozikwa hayafi. Hujitokeza upya katika ndoto, katika mwili, na katika namna mtu anavyopenda na kugombana. Kwa hiyo mgonjwa wa njia hii hutakiwa aseme lolote linalomjia, hata la aibu, na mtabibu hutafuta mkondo unaopita chini ya maneno. Hata jinsi mgonjwa anavyomwogopa au anavyomkasirikia mtabibu huwa sehemu ya kazi. Zamani mtu alikwenda mara nne au tano kwa wiki, kwa miaka. Siku hizi wengi huenda mara moja kwa wiki, na zipo namna fupi za miezi michache. Njia hii humfaa anayeona maisha yake yanajirudia: ameachwa na wachumba watatu kwa sababu ileile, au kila kazi anayoipata anaiacha baada ya kugombana na mkubwa wake. Asiyelala kwa wiki mbili na anayehitaji nafuu kabla ya mshahara ujao ana haki ya kuuliza kama ipo njia ya mkato.

Yule mnasihi wa mwanamke wa Mbagala, kwa dalili zote, ni mwanafunzi wa Mmarekani Carl Rogers. Katika kitabu chake cha mwaka 1951 Rogers alisisitiza neno mteja badala ya mgonjwa, na neno hilo linatumika hadi leo katika vyumba vya unasihi. Alifundisha kwamba mtu akisikilizwa kwa ukweli, bila kuhukumiwa na bila kuharakishwa, huona mwenyewe njia yake. Kwa jamii ambamo mwenye huzuni huambiwa ajikaze kisabuni, saa moja ya kutohukumiwa ni dawa kubwa. Kosa la mnasihi huyo lilikuwa moja: hakumweleza mteja wake kwamba kusikiliza ndiyo tiba yenyewe.

Anayependa kupewa kazi ya mikono hana budi kuulizia tiba ya fikra na tabia. Hii ndiyo iliyofanyiwa utafiti mwingi kuliko nyingine zote, na ina wazazi wawili. Mmoja ni Aaron Beck wa Philadelphia, aliyefariki mwaka 2021 akiwa na miaka 100. Beck alisomea njia ya Freud, lakini miaka ya 1960 aligundua kwamba wagonjwa wake wenye sonona walikuwa na mawazo mafupi yanayopita haraka kichwani, karibu bila wao kuyaona: sifai, watanicheka, hakuna kitakachobadilika. Akaanza kuwafundisha kuyakamata mawazo hayo na kuyapima.

Mfano wake ni wa kila siku. Mtu amemtumia rafiki ujumbe wa WhatsApp, tiki mbili zimekuwa za buluu, jibu halikuja. Moyo unazama. Katika daftari anaandika tukio, kisha wazo lililopita, "Amenichoka," kisha hisia na uzito wake. Halafu anaandika ushahidi wa kuliunga mkono wazo hilo na ushahidi wa kulipinga: juzi alipiga simu mwenyewe, wiki hii mtoto wake amelazwa. Mtabibu hamwambii afikirie mazuri. Anamfundisha kuwa hakimu anayesikiliza pande zote mbili kabla ya kujihukumu. Kwa kawaida huchukua vikao kati ya 12 na 20, na kila kikao kina kazi ya nyumbani. Asiyependa kuandika anaweza kurekodi sauti kwenye simu. Asiyefanya kazi ya nyumbani kabisa atakuwa amelipia nusu ya tiba.

Mzazi wa pili ni elimu ya tabia. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones aliandika juu ya mtoto mdogo, Peter, aliyekuwa akimwogopa sungura. Sungura alisogezwa karibu kidogo kidogo wakati mtoto akila chakula anachokipenda, mpaka siku moja akamshika mwenyewe. Joseph Wolpe wa Afrika Kusini aliligeuza wazo hilo kuwa tiba kamili katika kitabu cha mwaka 1958.

Hebu lifikirie katika pwani yetu. Septemba 2011 ilizama MV Spice Islander ikielekea Pemba, na wapo ambao tangu hapo hawawezi kupanda chombo cha baharini. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam mwenye mama yake Pemba anaweza kukaa miaka bila kumwona. Mtabibu wa njia hii hutengeneza naye ngazi. Kwanza wanatazama picha za boti hadi mapigo ya moyo yatulie. Kisha mtu anakwenda kusimama bandarini kwa nusu saa. Kisha anapanda kivuko cha Kigamboni, safari ya dakika chache, akifuatana na mtu; halafu peke yake; halafu boti ya Unguja wakati bahari imetulia. Siri yake ni kutoshuka ngazi wakati hofu iko juu, kwa sababu kila anayekimbia hofu anaithibitishia kwamba ilikuwa na haki. Kwa hofu za aina hii, na kwa wasiwasi wa kunawa mikono au kukagua mlango mara 20, atakayezungumza tu bila kumpandisha mgonjwa ngazi hiyo atakuwa anamchelewesha.

Lakini mara nyingi mtu wa kwetu akisema anaumwa moyo, humaanisha watu: mume, mama mkwe, marehemu ambaye hakuzikwa kwa amani, kazi iliyokwisha ghafla. Hapa ndipo panapofaa tiba ya mahusiano, iliyobuniwa Marekani miaka ya 1970 na Gerald Klerman na Myrna Weissman. Mtihani wake mkubwa ulifanyika jirani kabisa, katika wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda, mahali palipoumizwa sana na UKIMWI.

Watafiti walianza kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe maradhi ya moyo wanayaitaje. Wakapewa maneno mawili ya Kiganda: yo'kwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubaziga, yaani kujihurumia. Ukiyaunganisha, unapata karibu dalili zote ambazo daktari wa hospitali angeziita sonona. Mwaka 2002 wakachukua vijiji 30, nusu vya kushughulikia wanaume na nusu vya wanawake, na kwa kura baadhi vikapata tiba. Madaktari hawakuwapo wa kutosha na dawa zilikuwa ghali, hivyo waliofundishwa ni vijana wa hukohuko, kwa wiki mbili. Makundi yalikutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16, wanaume na wanaume, wanawake na wanawake. Kila mtu alisaidiwa kutaja tatizo lake liko wapi: kufiwa, kugombana na mtu wa karibu, au maisha kubadilika. Kabla ya tiba, watu 86 katika kila 100 wa vijiji vilivyopata tiba walikuwa na sonona. Baada yake walibaki kama 6 au 7. Katika vijiji visivyopata tiba, kutoka 94 walibaki 55 hivi.

Jambo linalostahili kukumbukwa zaidi ya takwimu hizo ni jinsi tiba ilivyonyooshwa ili ikae sawasawa na watu. Kitabu cha Marekani kilimtaka mgonjwa ataje pia mabaya ya marehemu. Uganda hilo lingekuwa utovu wa adabu, kwa hiyo wakauliza kwa upole kama kuna siku marehemu alimvunja moyo. Kitabu kilisifu kuambiana ana kwa ana. Lakini mke anayemkabili mumewe waziwazi anaweza kuzidisha ugomvi, hivyo kundi likamsaidia kufikiria nani wa kumtuma na aseme lini. Pwani ya Waswahili, ambako kanga husema pale mdomo unapozuiwa, hakuna atakayehitaji kuelezwa hilo mara mbili. Mgonjwa yeyote anaruhusiwa kumwambia mtabibu wake: hili kwetu halisemwi hivi, tutafute namna nyingine. Mtabibu mzuri atashukuru.

Kiwewe kinachotokana na vita, ubakaji au ajali kina njia zake, na hapa uangalifu unahitajika. Thomas Elbert, Frank Neuner na Maggie Schauer wa Chuo Kikuu cha Konstanz walijenga tiba ya kusimulia maisha, wakaijaribu katika makambi ya Uganda, ikiwamo Nakivale wanakoishi Wanyarwanda, Wasomali na Wakongo. Kamba hutandazwa chini iwe maisha ya mtu tangu kuzaliwa. Ua huwekwa mahali pa furaha, jiwe mahali pa machungu, kisha mtu husimulia kwa mpangilio, akikaa muda mrefu kwenye kila jiwe hadi tukio lipate tarehe, mahali na mwisho. Lengo ni kumbukumbu iache kuwa jambo linalotokea leo usiku, iwe jambo lililotokea mwaka fulani, mahali fulani.

Mashariki mwa Congo, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulifuatilia wanawake 405 waliopitia ukatili wa kingono. Wengine walipata msaada wa mmoja mmoja wa kawaida. Wengine walikutana katika makundi, wakafundishwa kuyachunguza mawazo yaliyobaki baada ya tukio, hasa lile linalosema: kosa ni langu. Miezi 6 baada ya tiba, wanawake 9 katika 100 wa makundi hayo bado walikuwa na dalili za sonona au wasiwasi, dhidi ya 42 katika 100 wa msaada wa kawaida.

Matokeo hayawi mazuri kila mahali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu watoto 640 waliofiwa na wazazi, Moshi kwa Tanzania na Bungoma kwa Kenya, uliwapa baadhi yao vikao 12 vya kundi huku walezi wao wakiwa na kundi lao. Baada ya mwaka, watoto wa Kenya waliopata tiba walikuwa wamewapita wazi wenzao wasioipata. Upande wa Moshi tofauti haikuonekana tena, kwa kuwa hata wasiotibiwa walikuwa wamepona kwa kiasi kikubwa. Anayeahidi kwamba tiba yake haishindwi aogopwe.

Ipo pia njia nyepesi ambayo wengi wangeanza nayo. Daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe alipoteza mgonjwa aliyejiua baada ya familia kukosa nauli ya kumrudisha hospitali. Mwaka 2006, huko Mbare, Harare, akaanza kuwafunza bibi 14 kuketi na watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Mwanzoni lilitajwa kama benchi la afya ya akili, na watu wakalikwepa. Bibi wenyewe wakapendekeza liitwe benchi la urafiki. Kwa Kishona ugonjwa wenyewe huitwa kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na Mswahili anayesema "nina mawazo" anaelewa bila mkalimani. Bibi humsaidia mtu kuorodhesha matatizo yake, kuchagua moja, na kupanga hatua ndogo ya wiki hii. Katika utafiti wa mwaka 2016 wenye watu 573, baada ya miezi 6 watu 14 katika 100 wa benchi walibaki na dalili za sonona, na 50 katika 100 wa huduma ya kawaida. Mradi huo umefika hadi Zanzibar. Kwa mtu ambaye mzigo wake mkubwa ni kodi ya nyumba, ada ya shule na mume asiyerudi, kupanga hatua kama hizo kunaweza kumfaa kuliko kuchimba utoto wake.

Basi iliyo bora ni ipi? Mwaka 1936 Saul Rosenzweig alilijibu swali hilo kwa kumtaja dodo, ndege wa Morisi aliyetoweka, katika hadithi ambayo Waswahili waliipata mwaka 1940 kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu. Huko mbio zinakwisha na dodo anatangaza kwamba wote wameshinda na wote wapewe zawadi. Mwaka 1977 Mary Lee Smith na Gene Glass walijumlisha tafiti 375 wakaona mtu wa kawaida aliyetibiwa ana hali nzuri kuliko watu 75 katika 100 wasiotibiwa, na tofauti kati ya njia na njia ilikuwa ndogo. Kinachojirudia katika tafiti nyingi ni uhusiano: mgonjwa kuhisi anaheshimiwa, na wawili kukubaliana wanakokwenda. Hata hivyo, mwandishi huyu anaona dodo alikuwa mkarimu kupita kiasi. Hofu na wasiwasi wa kurudiarudia huhitaji ngazi iliyoelezwa hapo juu. Na anayesikia sauti zisizokuwapo, au anayekaa siku nne bila usingizi akijiona anaweza kununua mji mzima, anahitaji dawa kwanza, mazungumzo yanafuata.

Hapo ndipo vyeo vinapohusika. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari na anaweza kuandika dawa. Mwanasaikolojia tiba hupima na kutibu kwa mazungumzo. Mnasihi anaweza kuwa na shahada au kozi ya wiki chache, kwa hiyo si kosa kumuuliza alisomea wapi na nani anamsimamia. Kenya ina sheria ya mwaka 2014 inayowataka wanasaikolojia na wanasihi wasajiliwe. Kwa walio mbali na kliniki za binafsi, milango ya serikali na ya rufaa ipo: Muhimbili, Mirembe ya Dodoma, Bugando, KCMC, Kidongo Chekundu ya Unguja, Mathari ya Nairobi. Anayewaza kujiua asisubiri miadi. Apelekwe hospitali yoyote leo, akiwa na mtu wa kukaa naye. Aliyeanza dawa asiziache kwa sababu ameanza kuzungumza.

Siku ya kwanza, maswali matatu yatosha. Tatizo langu unalionaje? Tutafanya nini humu ndani, na mimi nitafanya nini nyumbani? Tutajuaje kama ninapata nafuu, na baada ya vikao vingapi? Kuna dodoso la maswali tisa liitwalo PHQ-9, linalopatikana kwa Kiswahili, ambalo hupima wiki mbili zilizopita kwa alama 0 hadi 27. Kulijaza mwanzoni na baada ya mwezi huonyesha mengi ambayo moyo peke yake hauyaoni. Kama baada ya vikao vitano au sita hakuna kilichosogea, jambo hilo liwekwe mezani waziwazi, na mtabibu asiyechukia kuulizwa ndiye wa kubaki naye.

Siri nayo iulizwe mapema: nini kitabaki humu, na nini kitalazimika kutoka, kama vile hatari kwa maisha ya mtu au mtoto anayedhulumiwa. Anayesimulia habari za wagonjwa wengine atasimulia na zako. Anayetaka mapenzi, mkopo au ajira ya nyumbani kwake amekwisha kuvunja miiko ya kazi, na mgonjwa aondoke bila kuaga. Imani ya mgonjwa haina ugomvi na tiba. Anaweza kuendelea na dua, kanisa au kisomo chake, na mtabibu anapaswa kuiheshimu bila kugeuza kikao kuwa mahubiri.

Lugha pia ni sehemu ya tiba. Kwa Wakongo waliohamishiwa Marekani, au Waswahili wa Muscat, ni halali kudai mkalimani mtu mzima asiye ndugu. Mtoto wa miaka 12 anayetafsiri machozi ya mama yake atabeba asichoweza kukitua.

Mwisho wa vikao nao hupangwa. Mtabibu mzuri huutaja wiki kadhaa kabla, kwa sababu kwa aliyefiwa kuagana ni jeraha la zamani, na hapo anapata nafasi ya kuaga kwa utulivu. Rakai na Masaka, wiki 16 zilipokwisha na viongozi wa makundi wakaaga, makundi mengi hayakuvunjika. Wanakijiji waliendelea kukutana wenyewe, bila kiongozi aliyelipwa, wakiulizana kila mmoja wiki yake ilikuwaje.